Nilivyokataa bei ya neno nikalipwa kwa saa: kazi ya sauti za gemu hapa Mwanza

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu wanaosoma matangazo, ma-MC, watu wa redio na yeyote anayekula kwa sauti yake ambaye saivi ameanza kupigiwa simu za magemu, maana hizi kazi zimeanza kufika huku kwetu na zinafika na bei za ajabu. Ukikubali kulipwa kwa neno kwenye gemu umeshapigwa kabla hujafungua mdomo. Mimi nilipewa hiyo bei, nikaikataa, nikalipwa kwa saa, na watu niliofanya nao kazi wakalipwa kwa saa vilevile, kwaiyo nataka nieleze ilivokuwa ili mtu mwingine asianzie sifuri.

Naishi Nyakato. Nasoma matangazo ya redio na ya yale magari ya spika yanayozunguka mitaani, wikiendi nashika maiki kwenye send-off na harusi. Hela yangu yote inatoka kooni, sina duka wala shamba, koo likifunga hata siku chache nyumbani wanajua.

Kazi ililetwa na ejenti wa Dar. Kuna kampuni ya nje ina gemu lake la simu, wanataka liongee Kiswahili, na wakataka kabisa Kiswahili cha kanda ya ziwa kwa sababu sehemu kubwa ya hadithi inapita kwenye mji wa pembeni ya ziwa, kuna bandari, kuna wavuvi, kuna stendi. Mimi nikapewa mhusika mkubwa wa kike, nahodha wa boti, halafu nikaambiwa "na sauti nyingine ndogondogo". Bei shilingi 50 kwa neno. Ejenti alikuwa muungwana tu, akaniambia, "Dada yangu, maneno yako ni kama elfu nne hivi, hapo una laki mbili yako safi, na ni kazi ya kukaa, hausimami juani." Nami nikamwambia kaka nashukuru sana, nitumie skripti kwanza ndo tuongee hela.

Kwanza nieleze kwa nini mtu anaweza kusema ndio haraka. Laki mbili sio hela ya kudharau huku. Kuna tangazo la sekunde 30 unasoma hapa mjini unapewa elfu 30, na hiyo elfu 30 unaifuatilia mpaka unachoka, kila ukipiga simu bosi yuko kwenye kikao. Kwaiyo mtu akikutajia laki mbili kwa mkupuo moyo unaruka. Simlaumu yeyote aliyewahi kukubali. Ila skripti ya gemu sio skripti ya tangazo, na hilo ndilo jambo lenyewe.

Skripti ilikuja kwenye eksel. Kila mstari una jina la mhusika, maneno ya kusema, mahali inapotokea kwenye gemu, na pembeni kabisa kuna kolamu ya idadi ya maneno ambayo eksel inajihesabia yenyewe. Nikaanza kushuka. Maongezi ya nahodha yalikuwa mazuri kwa kweli, anabishana na watu wa bandari, anamuomboleza kaka yake, kazi ya kuigiza kabisa. Halafu nikafika kwenye zile "sauti ndogondogo". Askari wa kike anapigwa ngumi, namna tano tofauti. Anachomwa kisu. Anaungua moto, kelele fupi, ya kati, ndefu. Anaanguka kutoka juu. Anazama. Anaita wenzake kutoka mbali. Anashangilia. Anapumua baada ya kukimbia. Mistari zaidi ya 400, na kwenye kolamu ya maneno mingi imeandikwa sifuri, kwa sababu "aaaaah" sio neno, eksel hailioni.

Nikakaa nikaitazama ile shiti muda mrefu. Ile mistari 400 ndio kazi ngumu kuliko zote na ndiyo isiyo na hata senti. Na kila mstari wa gemu unarekodiwa mara mbili au tatu ili prodyuza achague, kwaiyo hapo unaongelea mayowe elfu moja na kitu, ya bure kabisa, mtu anakulipa kwa kusema "karibu bandarini" halafu anachukua roho yako yote bila kulipa.

Hapa niseme kidogo kuhusu koo maana watu wanaona kama kupiga kelele ni kitu cha kila mtu. Nyuzi za sauti za mwanamke akiongea kawaida zinagongana kama mara 200 kwa sekunde moja. Ukipiga yowe zinagongana haraka zaidi na kwa nguvu zaidi, zinavimba, na ukiendelea juu ya uvimbe unajitengenezea vinundu ambavyo vinabadilisha sauti, unakuwa na mkwaruzo usioisha. Nimeona hilo kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi ninayemfahamu, miaka ya kupigia kelele darasa la watoto mia, mwishowe akawa anahudhuria kliniki ya masikio, pua na koo. Na ule ushauri wa mtaani kwamba sauti ikikauka unong'one tu, usiufuate, kunong'ona kwa nguvu nako kunachosha koo. Unanyamaza kabisa na unakunywa maji. Sasa mimi nikinyamaza wiki nzima kwa sababu ya mayowe ya gemu, send-off ya Jumamosi nani anaishika, na nani ananilipa hiyo Jumamosi? Bei ya neno haina jibu la hilo swali.

Nikamuandikia ejenti kwa heshima kwamba naomba tuhesabu saa. Akanijibu kwamba "ndo utaratibu wa dunia nzima dada, hata huko kwa wenzetu wanahesabu maneno." Hapo ndo nikaingia kutafuta, maana nilijua nikirudi na "mimi naona" nitashindwa, lazima nirudi na kitu kilichoandikwa na watu.

Na nilichokuta kimenisaidia sana kwaiyo nakiweka hapa chote. Marekani waigizaji wa sauti za magemu wana chama chao, SAG-AFTRA, na mkataba wa chama unahesabu vipindi vya studio. Mwaka 2016 kipindi kimoja cha masaa 4 kilikuwa kama dola 825 na senti 50, na ndani ya hayo masaa unaweza kutakiwa sauti za wahusika hadi watatu. Neno halihesabiwi. Ukiongea sana au ukilia tu masaa manne, ni kipindi. Kwaiyo ile "dunia nzima" ya ejenti haikuwa hivyo, na niliposoma hapo nililala vizuri.

Na hata hao wenye bei nzuri hivyo waligoma. Walianza tarehe 21 Oktoba 2016 dhidi ya makampuni 11 na mgomo ukaenda mpaka Septemba 2017, karibu mwaka mzima watu hawaingii studio. Madai yao ukiyasoma unaona kama wamekaa na sisi hapa Mwanza. Walitaka vipindi vya mayowe viwe masaa mawili tu badala ya manne, kwa sababu koo. Walitaka waambiwe kabla ni gemu gani na mhusika anafanya nini, maana mtu alikuwa anaitwa studio hajui hata anaigiza nini. Na walitaka gemu likiuza sana nao waonje, yaani kila likifika nakala milioni 2 wapate malipo mengine ya kipindi, mpaka milioni 8 ndo inaishia. Hawakupata yote. Ile ya mauzo haikupita, wakapata nyongeza inayopanda kwa idadi ya vipindi unavyofanya, dola 75 kipindi cha kwanza hadi jumla ya dola 2,100 ukifikisha vipindi 10. Ya masaa mawili haikuandikwa kama sheria, makampuni yaliahidi tu kuendelea kulishughulikia suala la koo. Ila walipata kuambiwa mapema kuhusu kazi wanayoenda kufanya.

Kwa nini waling'ang'ania mauzo? Kuna mfano unajulikana sana. Grand Theft Auto IV ilipotoka 2008 iliingiza zaidi ya dola milioni 500 ndani ya wiki ya kwanza. Michael Hollick, yule aliyekuwa sauti ya mhusika mkuu Niko Bellic, alikuwa amelipwa kama dola 100,000 kwa kazi ya miezi kama 15, basi, hakuna kinachofuata. Dola laki moja kwetu ni hela ndefu mno, lakini weka hizo namba mbili pembeni kwa pembeni uone. Mtu anacheza gemu masaa mia moja anamsikia yeye, na mauzo yote yanampita.

Basi nikatengeneza hesabu yangu. Hii ndiyo sehemu ninayopenda wenzangu waige. Nilichukua ile eksel nikaigawa vipande viwili, maongezi na kelele. Maongezi nikajisomea kwa sauti nyumbani na simu inahesabu muda, nikajua kwa saa naweza kumaliza mistari mingapi nikiigiza kweli na kurudia. Kelele nikazihesabu kwa mistari mara tatu. Nikapata picha ya vipindi vinavyohitajika. Halafu nikaandika: kipindi cha maongezi hadi masaa 4, laki mbili. Kipindi cha kelele masaa 2 tu, laki na nusu, na baada ya kipindi cha kelele sirudi studio siku inayofuata. Wahusika hadi watatu ndani ya kipindi, wa nne analipiwa. Kelele zote zinarekodiwa mwisho, baada ya maongezi yote kukubalika, ili nisije nikaongea sauti ya nahodha na koo limeshachanika. Hii ya mwisho ina faida kwao pia na nikawaeleza hivyo, maana nahodha akibadilika sauti katikati ya gemu aibu ni yao.

Ejenti alikaa kimya. Halafu nikasikia kwamba anapigia wengine.

Sasa hapa ndo kuna siri ya kazi yote na haihusiani na mimi kuwa hodari. Sisi wasomaji wa hapa Mwanza tuna grupu la WhatsApp, wengi walipita chuo pale Malimbe na Nyegezi wakajifunza utangazaji, wengine ni wa mtaani tu kama mimi. Nilikuwa nimeshaweka mle ile shiti ya mistari 400 nikiwa nimefuta majina yote ya gemu, nikaandika tu "jamani angalieni kolamu ya maneno." Watu wakaangalia. Kila mtu aliona mwenyewe. Kwaiyo ejenti alipoanza kupiga simu kila aliyepigiwa aliuliza swali moja, kelele mnalipaje? Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemkatalia, waliuliza tu hilo.

Mmoja aliniambia ukweli kwamba yeye ataikubali hiyo bei, ana ada ya mtoto na hawezi kusubiri. Sikumsema vibaya, nani angemsomeshea mtoto. Tulichofanya, nikamwambia ejenti kwamba wahusika wawili kati ya wangu wanamfaa yeye zaidi, sauti yake ni nzito kuliko yangu na kweli ilifaa, kwa sharti kwamba naye ni kwa saa. Kwaiyo badala ya yeye kuwa upenyo wa kunishusha mimi akawa upande wetu na ada ikalipwa. Ukitaka watu wasikubali bei mbovu lazima kuwe na kitu wanachoweza kukubali.

Ejenti akarudi. Tukaongea kwa simu jioni moja, na niseme haki yake, alikuja na lugha nzuri. "Dada, hawa watu bajeti wameshaipanga kwa maneno, mimi nikienda na saa naonekana sijui kazi." Nikamwambia, "Kaka, wewe mwenyewe asilimia yako si inatoka humohumo? Bei ikipanda na yako inapanda. Wapelekee hii shiti nimekuandikia, mwambie msanii ndo kasema, wakikataa mimi sina kinyongo." Alicheka kidogo, akaipeleka. Tukakubaliana laki na nusu kwa kipindi cha maongezi na laki na ishirini kwa masaa mawili ya kelele. Kwa jumla ikawa mara kadhaa ya ile laki mbili ya mwanzo. Na kilichonifurahisha, wateja wenyewe walipoona hiyo shiti walipunguza kelele, maana kumbe hawakuhitaji namna tano za kupigwa ngumi, walikuwa wanaomba kwa sababu ni bure.

Halafu likaja suala la watu ambao sio "wasanii". Gemu lilitaka konda wa daladala na mama muuza samaki. Prodyuza wa studio, kijana mzuri ana sikio, akasema tusiigize, tuwachukue wenyewe. Akampata konda wa njia ya Igoma na mama mmoja wa Mwaloni pale Kirumba ambaye akikuitia sato unageuka hata kama huna hela. Wakapangiwa elfu 20 kila mmoja, "ya soda na nauli". Mimi nilikataa hilo kwa nguvu kuliko nilivyokataa la kwangu. Yule mama anaacha meza yake asubuhi, saa ambayo ndo biashara, samaki hawasubiri. Na ile sauti yake ndiyo kitu walichovuka bahari kukitafuta, hakuna msomaji wa redio anayeweza kuiiga bila kuonekana anaiga. Nikakaa naye nikamueleza, "Mama, hii sauti yako itakaa kwenye simu za watu nchi nzima na nje, watu watainunua." Akaniuliza, "Mwanangu, na mimi nikiitaka nitaisikia?" Nikamwambia utaisikia na jina lako litaandikwa. Aliposikia jina akakaa vizuri. Elfu 80 kwa kipindi kimoja, kila mmoja, na majina yao yapo kwenye orodha ya washiriki mwisho wa gemu kama ya kwangu. Konda alimaliza mistari yake yote bila kuangalia karatasi, kelele za stendi ya Buzuruga zote ziko kifuani mwake.

Kuna jambo lilitokea kwa huyu konda ambalo limenifanya nielewe vizuri wale Wamarekani kwa nini walidai kuambiwa mapema. Katika mistari yake kulikuwa na "anazama majini", namna kadhaa. Prodyuza akamsomea tu kama mstari mwingine. Yule kijana akanyamaza, akavua hedifoni akatoka nje. Alifiwa na baba yake mdogo kwenye MV Bukoba. Hapa Mwanza huwezi kumwambia mtu aigize kuzama ukategemea ni kelele tu, meli ilizama tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu wakafa, na 2018 tukaona tena MV Nyerere kule Ukara, kuna nyumba hazijapona mpaka leo. Tulimsubiri. Alirudi akasema atafanya mistari mingine yote ila hiyo hapana, na hakuna aliyembishia, na hakukatwa hela. Kuanzia hapo nimeweka kwenye makubaliano yangu kwamba skripti yote yenye mambo ya kifo, ubakaji, mateso na kuzama inakuja kwangu siku kadhaa kabla, na ninaruhusiwa kukataa mstari bila kukatwa. Wala hawakubishana kwenye hilo, lilikuwa jepesi kuliko la hela.

Gumu kuliko yote lilikuwa la akili mnemba (AI). Mkataba uliokuja mara ya kwanza ulikuwa na sentensi moja ndefu, ukiitafsiri inasema kampuni inaweza kutumia rekodi "kwa njia yoyote, kwa teknolojia yoyote iliyopo au itakayokuwepo, milele". Mtu unaipita haraka ukidhani ni maneno ya wanasheria. Maana yake wanaweza kuchukua masaa yako uliyorekodi, wakayalisha kompyuta, na gemu linalofuata nahodha anaongea maneno ambayo hujawahi kuyasema na hulipwi. Hili ndilo lililowarudisha wale wa Marekani kwenye mgomo wa pili, kuanzia 26 Julai 2024 mpaka Juni 2025, na walipomaliza walipata nyongeza ya asilimia 15.17 papo hapo, na kubwa zaidi walipata kwamba nakala ya sauti ya kompyuta haitengenezwi bila kibali cha mwenyewe na bila kumueleza itatumika wapi, na mgomo ukitokea anaweza kusimamisha kibali chake.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hiyo "hakishiriki" ni kwa ajili ya watu kama sisi, anayetumbuiza na sio aliyeandika tu. Wengi wanadhani COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ni mambo ya wanamuziki. Nilimpa dada mmoja mwanasheria ile sentensi, tukaandika yetu kwa Kiswahili cha kawaida na yeye akaigeuza kwa Kiingereza chao: rekodi ni kwa ajili ya gemu hili na matangazo ya gemu hili tu, haitatumika kufundishia kompyuta wala kutengeneza sauti mpya inayofanana na yangu, wakitaka hivyo wanakuja upya na tunaongea bei upya. Kampuni ilikataa. Tukarudishiana emaili kwa muda, ejenti akaanza kuchoka, nami nikakubali kupunguza upande wa matangazo, yaani watumie kwenye matangazo ya magemu yao mengine pia kwa mwaka mmoja, ila hiyo ya kompyuta sikuiachia. Walikubali. Sauti ndiyo kila kitu nilicho nacho, nikiiuza mara moja milele kesho nauza nini?

Malipo ya mauzo, yaani gemu likipakuliwa sana na sisi tupate kitu, niliomba na nilikataliwa moja kwa moja. Niliomba hata kidogo, nikataja wapakuaji milioni moja. Hapana. Nimelibakiza kama lilivyo na kila kazi nitalirudia, hata Marekani hawakulipata na wana chama kikubwa chenye nguvu.

Mambo madogo ya malipo niyapitie haraka. Kulipwa vipande vipande sijui robo sijui nini nilikataa, nilitaka nusu kabla ya kuingia studio na nusu siku ya kukabidhi, sio siku gemu linapotoka, maana gemu linaweza kuahirishwa hata miaka. Wakikukata kodi ya zuio asilimia 5 waambie wakupe na ile hati yake, ni haki yako na utaihitaji TRA. Na muda wa kipindi unahesabiwa toka saa uliyopangiwa kufika. Studio zetu nyingi huku zimeezekwa bati, mvua ya Mwanza ikianza hakuna kurekodi, umeme ukikatika jenereta linaingia kwenye maiki, kwaiyo unaweza kukaa saa nzima unasubiri. Hiyo saa ni ya nani? Niliandika kwamba ni ya studio. Prodyuza aliguna mwanzoni, halafu akaenda kuziba dari, na saivi anapata wateja wengine kwa sababu ya hiyo dari.

Awamu ya pili ya lilelile gemu imekuja juzi na imekuja moja kwa moja na bei ya saa, hakuna aliyenitajia neno. Kwenye grupu tumeshika faili moja lenye bei zetu, kila anayepata kazi anaongeza alicholipwa, kwa kipindi gani, kelele au maongezi, na kama kulikuwa na kifungu cha kompyuta. Watu wa Musoma na Bukoba wameanza kuingia pia. Ukipigiwa simu leo, kabla hujataja bei yoyote omba eksel yote, sio kurasa mbili za mfano, panga kolamu ya maneno kuanzia sifuri, uhesabu hiyo mistari ya juu. Ukishaihesabu ndo umpigie ejenti.